Mvumo katika hedifoni

Mvumo katika hedifoni ni sauti nzito isiyokoma, inayosikika hata muziki ukiwa umezimwa. Umeme wa Tanzania una masafa ya hezi (Hz) 50, hivyo mvumo wake huwa wa hezi 50 au 100. Ndivyo ilivyo pia Amani na kwingineko Unguja, kisiwa kinachopata umeme kutoka Bara kwa kebo ya chini ya bahari inayofika Fumba.

Sababu ya kawaida ni kompyuta na amplifaya kuungana na waya wa ardhi kwa njia mbili. Kompyuta ya mkononi ikichomolewa chaja na mvumo ukatoweka, chanzo kimepatikana. Mara nyingi husaidia kuchomeka vyote kwenye soketi moja, au kuweka transfoma ndogo ya sauti kati yao. Wengine hukata pini ya ardhi. Mvumo hunyamaza kweli, lakini siku kifaa kikiharibika ganda lake la chuma linaweza kuua.

Amplifaya mpya haiondoi mvumo unaoingia pamoja na muziki, huukuza. Huhitajika zaidi kwa hedifoni zenye ukinzani mkubwa, kama Sennheiser HD 600 ya omu 300. Zile za omu 32 aghalabu hutosheka na simu.