Jinsi ya kumfundisha mtoto umuhimu wa udongo, mwamba, hewa na maji

Desemba 3, 2023, mvua kubwa ilinyesha mlima Hanang, mkoani Manyara, Tanzania. Sehemu ya mlima ilimeguka, ikageuka tope na kushuka hadi mji mdogo wa Katesh na maeneo ya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha.

Kilichoshuka siku ile ni vitu ambavyo mtoto anaviona kila siku: mawe, udongo na maji. Wengi wanavikanyaga tu bila kujua vinavyofanya kazi pamoja. Mtoto wa miaka 4 hadi 8 anaweza kuanza kuelewa, na si lazima mzazi anunue kitu chochote. Haya majaribio yanafanyika uani.

1. Udongo: ndani yake kuna vyote vinne

Chukua chupa ya plastiki inayoona ndani. Jaza udongo mkavu hadi theluthi moja, kisha mwache mtoto amimine maji polepole. Ataona mapovu yakipanda juu. Mwambie hiyo ni hewa iliyokuwa imejificha kwenye udongo.

Funga kifuniko, mtikise pamoja, halafu iwekeni chupa mahali isiposogezwa. Mchanga utatua chini kwa dakika chache. Mfinyanzi unaweza kuchukua siku nzima au zaidi. Vijiti na majani makavu vitaelea.

Udongo mzuri wa shamba una karibu nusu ya ujazo wake kama hewa na maji. Sehemu kubwa inayobaki ni chembechembe za mwamba uliosagika, na kidogo ni mboji, yaani mabaki ya mimea na wadudu. Sentimita moja tu ya udongo inaweza kuchukua mamia ya miaka kutengenezwa. Mvua moja inaweza kuuondoa.

2. Mwamba: mama wa udongo

Mpe mtoto kazi ya kuokota mawe matano yasiyofanana. Ayapange kwa rangi, kwa uzito, kwa ulaini.

Kama mnaishi Pwani au Zanzibar, tafuteni kipande cha jiwe la matumbawe na mdondoshee maji ya ndimu. Litatoa vipovu, kwa sababu lina chokaa. Anayeishi Mwanza akifanya hivyo kwenye jiwe lake la granite hataona kitu. Hapo mtoto anajifunza kwamba mawe hayafanani, na kwamba jua, mvua na mizizi huyavunja taratibu hadi yakawa udongo.

3. Hewa: haionekani lakini ipo

Bandika karatasi kavu ndani ya kitako cha glasi. Igeuze glasi juu chini na uizamishe wima kwenye beseni la maji. Ukiitoa, karatasi bado ni kavu! Muulize mtoto: ni nini kimezuia maji yasiingie?

Karibu asilimia 21 ya hewa ni oksijeni, ndiyo tunayoihitaji mwilini. Hapo hapo mweleze kuhusu moshi wa jikoni. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, vikiwamo zaidi ya 237,000 vya watoto wa chini ya miaka 5. Kwa hiyo mtoto asikae karibu na moto wa kuni au mkaa, na jiko la mkaa lisilale ndani ya chumba kilichofungwa.

4. Maji: mengi, lakini ya kunywa ni machache

Hesabuni vijiko 100 vya maji kwenye ndoo. Vijiko 97 ni kama bahari, yana chumvi. Viwili hivi ni barafu. Kinachobaki, kisichofika hata kijiko kimoja, ndicho cha mito, maziwa na visima. Mtoto aliyeona kijiko hicho anaelewa kwa nini bomba lisiachwe linamwagika.

Sasa viunganishe

Weka udongo kwenye vyombo viwili vilivyokatwa mdomo upande mmoja. Kimoja kiache wazi, kingine kiwe na nyasi zilizoota au kifunike kwa majani makavu. Viinamishe kidogo, mimina maji kiasi kilekile kwa kila kimoja, kinga yanayotoka.

Maji ya chombo kitupu yatatoka machafu zaidi. Huo ndio mmomonyoko. Huko Kondoa, mkoani Dodoma, mmomonyoko ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye maeneo yaliyoharibika ili nyasi na miti irudi.

Lakini mtoto asidanganywe kwamba nyasi zinazuia kila kitu. Mlima wenye mwamba dhaifu ukinyonya maji mengi unaweza kumeguka hata ukiwa na msitu. Kwa familia zinazoishi mabondeni na kwenye miteremko, afundishwe dalili hizi:

- Nyufa mpya ardhini au ukutani
- Miti au nguzo zinazoanza kuinama
- Maji ya mto au chemchemi kubadilika ghafla kuwa tope
- Mngurumo kutoka mlimani

Akiona mojawapo, amwambie mtu mzima mara moja. Na kama tope linakuja, asikimbie kufuata mkondo wa mto. Akimbilie pembeni, sehemu iliyoinuka.

Mambo ya kuzingatia

Mwache achafuke, ila anawe mikono kwa sabuni baadaye, kwa sababu udongo unaweza kuwa na mayai ya minyoo. Asiule. Na kila kumwaga maji kumaliziwe kwenye mche au bustani, yasipotee bure.

Akiuliza "kwa nini?", usikimbilie kumjibu. Muulize kwanza, "Wewe unaonaje?" Kisha jaribuni tena pamoja.