Kelele Zipitazo Katika Waya za Umeme

Somo la leo ni habari ya kelele ambayo haisikiki mpaka redio ifunguliwe.

Baada ya mwaka 1920 redio ziliingia kwa wingi katika nyumba za Ulaya. Humo mlikuwa pia na cherehani za umeme na mashine za kufyonza vumbi. Mota zake hutoa cheche, na kila cheche hutia kelele katika waya. Kelele hiyo husafiri mpaka kwa jirani, na redio yake hukwaruza. Mwenye redio alinung'unika, mwenye mashine akajibu, "Mashine yangu ni nzima." Nani angewaamua, na kwa kipimo gani?

Tena, kama kila nchi ingeweka kipimo chake, mashine iliyokubaliwa Ujerumani ingeweza kukataliwa Ufaransa, na biashara ingekwama. Kwa hiyo wataalamu wa umeme na wa utangazaji walikutana Paris mwaka 1933. Mwaka 1934 kamati yao ya kimataifa, iitwayo CISPR, ilifanya mkutano wake wa kwanza mjini humo.

Kazi ilikuwa na matata mawili. La kwanza, waya za nyumba hazifanani, hivyo mashine moja huonyesha kelele nyingi hapa na kidogo kule. Dawa yake ni sanduku liwekwalo kati ya mashine na umeme wa ukutani. Huzuia kelele za nje, huwapa wapimaji wote hali moja ya waya, na huipeleka kelele ya mashine kwenye chombo cha kupimia.

La pili, sikio halichukizwi na kelele zote sawasawa. Mlio mmoja mara moja moja huvumilika. Milio mia kwa sekunde haivumiliki. Basi chombo kilifanywa kifuate sikio: mshale hupanda upesi na kushuka polepole. Milio ikiachana, mshale huwahi kushuka. Ikifuatana, hubaki juu.

Sheria iliyopitishwa Ulaya mwaka 1989 ikawa ya lazima kabisa tangu 1 Januari 1996: mashine ivurugayo redio kupita kiasi isiuzwe huko. Hata leo kompyuta na chaja za simu hupimwa kwa sanduku na chombo cha namna hiyo.

Maswali ya darasani:
1. Kwa nini nchi zilihitaji kipimo kimoja?
2. Sanduku lina kazi gani tatu?
3. Kwa nini mshale hushuka polepole?

Kwaherini mpaka somo lijalo.