Bastola, Gobori na Ala: Uchaguzi wa Silaha katika Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Tanganyika, 1858–1894

Mwezi wa Aprili, 1858, Richard Burton na John Hanning Speke waliwasili Uvira kwa mitumbwi wakitokea Ujiji. Wakati huo Uvira ndiyo iliyokuwa kituo cha mwisho upande wa kaskazini ambacho wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekubaliwa kufika. Huko walinunua pembe za ndovu, watumwa, nafaka, nguo za magome ya miti na vyombo vya chuma. Wazungu hao wawili walifuata jambo jingine. Walitaka kujua iwapo Mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Waliambiwa na wenyeji kwamba unaingia, nao wakarudi bila ya kuuona. Juu ya swali hilo la mto yameandikwa mengi, na hapana haja ya kuyarudia. Lisilotajwa sana ni tukio la safari ya kurudi, mwezi wa Mei. Usiku mmoja kulizuka ugomvi ufukoni, ulioanzishwa na mlevi aliyewavamia wasafiri kwa fimbo. Katika ghasia hiyo mtumishi mmoja wa Burton, Mgoa, kwa hofu aliishika bastola ya bwana wake, iliyotengenezwa na Colt, akaifyatua gizani. Risasi ilimpata mmoja wa watu wa Kannena, yaani mtu wa yule yule mkuu wa Ujiji aliyewachukua wageni kwa mitumbwi yake. Adui hakuguswa.

Tukio hili ni dogo, lakini linafaa kuwa mlango wa kuingilia katika suala ambalo wanahistoria wa eneo hili wamelipita kwa haraka mno: ni silaha gani zilizochaguliwa na watu waliosafiri, waliofanya biashara na waliopigana katika mwambao huu, na kwa sababu gani? Vitabu vya wasafiri wa Ulaya humfanya msomaji adhani kwamba bastola ya kiunoni ndiyo iliyofungua njia. Msamiati wa Kiswahili unasimulia habari nyingine.

Yafaa kwanza kuieleza bastola yenyewe. Katika miaka ya 1850 msafiri aliyenunua silaha London alikuwa na njia mbili mbele yake. Ya kwanza ilikuwa Colt ya Marekani, ambayo kabla ya kila mlio ilimlazimu mpigaji kuirudisha nyuma nyundo yake kwa kidole gumba; nyundo ikirudi, silinda nayo huzunguka na kuleta chumba kipya mbele ya kasiba. Kifyatulio chake kilikuwa chepesi, kwa hiyo shabaha ilikuwa nzuri, lakini mkono ulihitaji utulivu. Ya pili ilikuwa ile ya Robert Adams, Mwingereza, iliyopata hataza mwaka 1851. Hiyo ilitaka kuvutwa kifyatulio tu: mvuto mmoja ulifanya kazi zote. Katika mapambano ya karibu ilikuwa ya haraka zaidi, na kiunzi chake cha kipande kimoja kilikuwa imara kuliko cha Colt, kilichokuwa wazi kwa juu. Ila mvuto ule mzito uliyumbisha shabaha. Mwaka 1856 ulitokea mtindo wa Beaumont-Adams uliounganisha namna zote mbili.

Tofauti hizo zilikuwa na maana kubwa kwa askari wa farasi. Kwa msafiri wa Ziwa Tanganyika zilikuwa na maana ndogo, maana bastola zote za wakati huo zilikuwa na udhaifu mmoja. Kila chumba kilitiwa baruti na risasi kwa mbele, na nyuma yake kikavikwa fataki. Asiyepaka mafuta juu ya risasi aliweza kuona cheche ya chumba kimoja ikiwasha vyumba vya jirani, na silaha ikamlipukia mkononi. Mzoefu aliacha chumba kimoja kitupu chini ya nyundo, ili bastola isijifyatue yenyewe ikigongwa. Juu ya yote hayo kulikuwa na unyevu. Mtumbwi wa ziwani huvuja, na mvua za masika hazina huruma. Burton mwenyewe alilalamika katika kitabu chake cha safari juu ya kutu iliyokula bunduki na baruti iliyokataa kuwaka. Bastola yenye milio sita ambayo fataki zake zimelowa haina hata mlio mmoja.

Hapa ndipo linapoingia suala la ala. Mifuko ya bastola ya wapanda farasi ilifunikwa kwa kifuniko kipana cha ngozi, na kazi kubwa ya kifuniko hicho ilikuwa kuzilinda fataki na mvua na kuizuia silaha isianguke. Mfuko ulio wazi, unaomwezesha mtu kuchomoa upesi, ulipata umaarufu katika nchi kavu za magharibi ya Marekani, na baadaye zaidi katika sinema. Aliyekuwa na akili akisafiri kwa mtumbwi kati ya Ujiji na Uvira alichagua mfuko uliofungwa, akakubali hasara ya kuchelewa. Hasara yenyewe ilikuwa ndogo, kwa sababu mapambano ya ghafla hayakuwa mengi kama wasomaji wa Ulaya walivyopenda kuamini. Sehemu kubwa ya safari ilipita katika majadiliano ya hongo.

Sasa tuangalie lugha. Kiswahili cha karne ya 19 kilikuwa na msamiati mpana wa bunduki. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, ambako *bunduq* ni tunda dogo gumu la jamii ya kokwa, na kwa mfano wake ni kidonge cha kurushia. Kamusi za mwanzo wa karne ya 20, kama ile ya Madan ya mwaka 1903, zinaonyesha jinsi wasemaji walivyozitenga bunduki kwa namna ya kuziwasha: bunduki ya mrao, inayowashwa kwa utambi, bunduki ya gumegume, inayotoa cheche kwa jiwe, bunduki ya fataki, na bunduki ya viasi, inayotiwa risasi kwa nyuma. Kulikuwa na gobori, na kulikuwa na bunduki ya midomo miwili. Sehemu zake nazo zilikuwa na majina: kasiba, kitako, mtambo, mdeki wa kushindilia. Risasi ndogo za kutawanyika ziliitwa marisawa. Huo ni msamiati wa watu wanaonunua, wanaotengeneza na wanaogombania bei.

Bastola, kinyume chake, ina neno moja tu, tena la kigeni kutoka Ulaya, na haikuzaa ukoo. Na mfuko wake hauna jina lake maalumu. Kinachosemwa ni *ala ya bastola*, na ala ni nyumba ya upanga, ya jambia na ya kisu. Muungwana wa msafara alijua ala, aliivaa kiunoni. Bunduki yake aliichukua begani, na viasi vyake vilikaa katika beti iliyoshonwa kwenye mkanda. Alipokutana na bastola aliisitiri kwa neno la upanga. Lugha haikuona haja ya kuunda jina jipya kwa kitu kilichokuwa cha wachache, na ambacho katika biashara ya bara hakikuwa na soko.

Kwa nini gobori lilishinda? Sababu ya kwanza ni bei. Bunduki kuukuu za majeshi ya Ulaya, na nyingine zilizotengenezwa kusudi kwa soko la Afrika katika mji wa Liège nchini Ubelgiji, zilifika Unguja kwa wingi. Sababu ya pili ilikuwa na nguvu zaidi: gobori hula chochote. Likikosa risasi hutiwa vipande vya chuma, hata kokoto. Baruti yake yaweza kuwa mbovu. Fundi wa chuma wa kawaida aliweza kuunga kitako chake au kunyoosha mtambo wake, nao Wavira, Wafuliiru na Wabembe hawakukosa mafundi wa chuma. Bastola ya Colt ikiishiwa fataki kule Uvira ilikuwa nyundo tu. Gumegume halikuhitaji fataki, bali jiwe. Kwa hiyo aliyelichagua hakuwa mjinga wala maskini wa habari. Alipima umbali wa Unguja na akafanya hesabu yake.

Hesabu hiyo ilikuwa na upande mchungu. Kuanzia miaka ya 1880 Muhammad bin Khalfan al-Barwani, maarufu kwa jina la Rumaliza, aliutawala mwambao kutoka Ujiji, na watu wake walifika Uvira na bonde la Rusizi. Magobori yao hayakutumika kuwinda ndovu peke yake. Yalichoma vijiji na kukamata watu, na katika mwambao mwembamba uliobanwa kati ya maji na milima, wakimbizi hawakuwa na njia ila kupanda juu. Mapadre Weupe, waliofungua kituo cha Kibanga mwaka 1883, walizungukwa na watu waliokuja kutafuta hifadhi. Wamisionari wenyewe walikuwa na wasaidizi wenye bunduki, lakini bunduki hazikutosha kila mara: huko Rumonge, ng'ambo ya ziwa, mapadre wawili na msaidizi mmoja waliuawa Mei 1881.

Ng'ambo hiyo hiyo inatoa somo ambalo wapenzi wa silaha hulisahau. Jitihada za Rumaliza za kuingia ndani ya Burundi ya Mwami Mwezi Gisabo hazikufanikiwa, ingawa wapiganaji wa Warundi walitegemea zaidi mikuki na mishale. Kushindilia gobori huchukua muda: baruti, kitambaa, risasi, mdeki. Katika muda huo mpiga upinde hodari ameshatoa mishale kadhaa, na mwenye mkuki ameshafika. Palipokuwa na utawala uliounganika na watu wengi, gobori lilirudi nyuma. Palipokuwa na vijiji vilivyotengana, kama vya upande wa Uvira, lilitosha. Tofauti ilikuwa ya siasa kuliko ya chuma.

Uchaguzi ulikoma kuwa huru mwaka 1890. Mkataba wa Brussels, uliotiwa sahihi tarehe 2 Julai mwaka huo, ulipiga marufuku bunduki za viasi na zile zenye mifereji ndani ya kasiba katika eneo kubwa la Afrika, kati ya digrii 20 kaskazini na 22 kusini ya Ikweta. Magobori ya gumegume na baruti ya kawaida yaliruhusiwa kwa masharti. Lengo lililotangazwa lilikuwa kukomesha biashara ya utumwa, na isikanwe kwamba biashara hiyo ilistahili kukomeshwa. Lakini mkataba huo huo uliziachia dola silaha ambazo uliwanyima wengine wote. Dola Huru ya Kongo iliwapa askari wake bunduki za Albini, zinazotiwa kiasi kwa nyuma, pamoja na mizinga ya Krupp. Vita vya Rumaliza na Dhanis viliamuliwa Januari 1894, boma lilipoungua kwa kombora la mzinga. Kabambare ikatekwa mwezi huo huo, naye Rumaliza akakimbilia upande wa Wajerumani.

Bastola ya kiunoni ilirudi Kongo baadaye kwa njia isiyotarajiwa. Katika miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville, walioitwa Bills kwa kumkumbuka Buffalo Bill wa sinema, waliiga mavazi, mwendo na majina ya wachunga ng'ombe wa Marekani, wakaunda na msimbo wao wa lugha, Hindubill. Marekani kwenyewe, chama kilichoundwa mwaka 1987 kinashindanisha watu waliovaa mavazi ya karne ya 19, kila mmoja na bastola mbili za kurudisha nyundo kwa kidole gumba, na wanachama wake hujadili kwa bidii urefu wa kasiba na kina cha ala. Ni mchezo, na kwa wenye amani nyumbani hauna ubaya. Kwa msomaji wa Uvira, mji ulioonja vita mara nyingi tangu mwaka 1996, mjadala kama huo hauwezi kuwa wa mapambo.

Maneno ya zamani nayo hayakufa yote. *Kiasi* kimebaki na maana ya kipimo peke yake, na nafasi yake katika bunduki imechukuliwa na risasi. *Gobori* lingali likitajwa na magazeti ya Tanzania kila majangili wanapokamatwa na bunduki za kienyeji. *Gumegume* limepata makao mapya katika matusi ya nyumbani: mwanamume asiyeleta kitu huitwa mume gumegume, na wengi wanaolitamka neno hilo hawajapata kuona jiwe likitoa cheche juu ya baruti.