Nani Alilipa? Siku Tatu za Msafiri Mmoja Mjini Firenze

Mwaka 1401 chama cha Calimala, kilichowaunganisha matajiri walioingiza nguo kutoka kaskazini mwa Ulaya na kuzikamilisha upya, kilitangaza shindano mjini Firenze. Mshindi angesubu milango ya shaba ya jengo la ubatizo lililo mbele ya kanisa kuu. Mafundi saba walipewa shaba na mwaka mmoja, kila mmoja aonyeshe Ibrahimu akiwa tayari kumchinja mwanawe Isaka. Wawili ndio waliobaki midomoni mwa watu: Lorenzo Ghiberti na Filippo Brunelleschi. Wote walikuwa vijana, na wote walilelewa katika kazi ya usonara.

Ghiberti alishinda. Ibrahimu wake ana utulivu na Isaka wake ana mwili mzuri, lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo wafanyabiashara wasingeliacha lipite: aliisubu kazi yake karibu yote kwa kipande kimoja, akatumia shaba pungufu kwa kilo zipatazo 7 kuliko mwenzake. Kazi hizo mbili zipo hadi leo katika jumba la makumbusho la Bargello, ubavu kwa ubavu. Msafiri aliye peke yake anaweza kusimama mbele yake nusu saa nzima bila mtu wa kumvuta mkono, akihamisha macho kutoka kisu hiki hadi kile.

Firenze ina picha na sanamu nyingi kuliko zinavyoweza kuonwa kwa siku tatu, na anayeandaa safari fupi hukutana na orodha zinazomtaka akimbie. Ipo njia nyingine ya kupanga, nayo inatoka katika historia ya mji wenyewe: mbele ya kila kazi, kuuliza nani aliiagiza na nani aliilipa. Majibu yanajirudia. Wauza sufu. Wafuma hariri. Wenye benki. Wafua silaha. Ukiwafuata hao, mji unajipanga wenyewe.

Maandalizi ni machache ila hayataki kucheleweshwa. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Schengen, ambayo maombi yake hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Treni ya kasi kutoka Roma huchukua kama saa moja na nusu. Majumba ya sanaa ya Uffizi na Accademia kwa kawaida hufungwa Jumatatu, hivyo siku hiyo isiangukie katikati ya safari. Tiketi ya kupanda kuba la kanisa kuu hutolewa kwa saa maalumu na huwahi kwisha. Hiyo ndiyo ya kukata kwanza. Usafiri wa ndani ya mji haumhusu sana msafiri, kwa kuwa mji wa kale, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1982, ni mdogo. Kutoka kituo cha treni hadi kanisa kuu ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, na kutoka hapo hadi mto Arno ni kama dakika kumi nyingine.

Kituo hicho kimepewa jina la kanisa lililo jirani yake, Santa Maria Novella, na humo mgeni kutoka Afrika ana mwenyeji wake. Mwaka 1487 Sultani Qaitbay wa Misri alimpelekea Lorenzo de' Medici, mkuu wa ukoo wenye nguvu kuliko zote mjini, zawadi ya twiga, na watu wa Firenze, ambao hawakuwahi kumwona mnyama wa namna hiyo, walijaa mabarabarani kumtazama. Hakuishi muda mrefu. Miaka hiyohiyo Domenico Ghirlandaio alikuwa akichora kuta za nyuma ya madhabahu, na katika mchoro wa Mamajusi alimtia twiga, mdogo, kwa mbali. Aliyelipia kuta hizo ni Giovanni Tornabuoni, msimamizi wa benki ya Medici mjini Roma.

Siku ya kwanza kamili ianze Orsanmichele, kwa sababu hapo ndipo vyama vinaonekana vyote kwa mara moja. Jengo hilo lilikuwa soko la nafaka kabla halijawa kanisa. Mwaka 1406 serikali ya mji ilivipa vyama miaka kumi, kila kimoja kijaze kijumba chake ukutani kwa sanamu ya mtakatifu wake. Ukawa ushindani wa wazi. Calimala waliagiza kwa Ghiberti Yohane Mbatizaji wa shaba, ingawa shaba iliwagharimu mara nyingi zaidi ya marumaru. Wenye benki hawakukubali kupitwa, wakaagiza Mathayo wa shaba kwa fundi huyohuyo. Wafua silaha hawakuwa na fedha za namna hiyo. Walimwendea Donatello, naye akawachongea marumaru: Mtakatifu Georgi, kijana aliyesimama na ngao miguuni, paji la uso limekunjamana kama mtu anayesikia hatua za adui. Sanamu zilizo nje leo ni nakala. Georgi wa asili yuko Bargello.

Kutoka hapo, kuba la kanisa kuu halikwepeki. Ujenzi wa kanisa ulianza mwaka 1296, na tangu 1331 ulikuwa chini ya Arte della Lana, chama cha sufu. Mwandishi wa tarehe Giovanni Villani aliandika kwamba mwaka 1338 mji ulikuwa na karakana za sufu 200 au zaidi, na watu 30,000 waliishi kwa kazi hiyo. Fedha zilikuwepo, maarifa ndiyo yaliyokosekana. Shimo la juu, lenye upana wa karibu mita 45, lilibaki wazi kwa miaka mingi, kwa sababu hakuna aliyejua pangepatikana wapi miti ya kuunda kiunzi cha kulishikilia kuba la ukubwa huo.

Brunelleschi, yuleyule aliyeshindwa na Ghiberti, alisema angejenga bila kiunzi kutoka chini. Kazi ilianza mwaka 1420. Alijenga kuba mbili, moja ndani ya nyingine, akayapanga matofali mithili ya mifupa ya samaki ili kila safu ijishikilie kabla chokaa yake haijakauka. Akabuni winchi iliyozungushwa na maksai, wanyama wakitembea upande uleule huku gia zikibadilisha mwendo wa mzigo uwe wa kupanda au kushuka. Mwaka 1436 Papa Eugenius IV aliliweka wakfu kanisa. Anayepanda ngazi 463 hupita katikati ya kuba hizo mbili, begani kwake matofali yaleyale. Ni njia nyembamba, ya mtu mmoja mmoja.

Akishuka, njaa itakuwa imekwishauma. Mwenzake wa meza hahitajiki: kwenye mikokoteni ya barabarani huuzwa lampredotto, tumbo la nne la ng'ombe lililochemshwa na viungo, likatiwa ndani ya mkate uliochovywa mchuzi, na watu hulila wamesimama. Aliyezoea supu ya utumbo hatashangaa chochote isipokuwa mkate, ambao huko Toscana huokwa bila chumvi.

Siku ya pili ni ya Piazza della Signoria, na hapa swali lazima lipinduliwe: nani alifanya kazi na hakulipwa vizuri? Wachana sufu na vibarua walioitwa Ciompi hawakuruhusiwa kuwa na chama. Julai 1378 walivamia jumba la serikali lililo uwanjani hapo, na mchana sufu Michele di Lando akawekwa kwenye cheo cha juu kabisa cha mji. Wiki chache tu zikapita, na kufikia mwisho wa Agosti walikuwa wameshapigwa. Jumba bado lipo. Mlangoni pake imesimama nakala ya Daudi wa Michelangelo. Ya asili, yenye urefu wa zaidi ya mita 5, ilihamishiwa Accademia mwaka 1873. Nayo ilitoka mikononi mwa wakuu wa sufu: walikuwa na jiwe la marumaru lililoharibiwa na kuachwa kwa miongo kadhaa, na mwaka 1501 walimkabidhi kijana wa miaka 26.

Uffizi, hatua chache kutoka hapo, maana yake ni ofisi. Giorgio Vasari alianza kuijenga mwaka 1560 kwa ajili ya makarani wa mtawala Cosimo I wa ukoo wa Medici. Kwamba picha za Botticelli bado zimo humo ni kazi ya mwanamke mmoja, Anna Maria Luisa de' Medici, wa mwisho katika ukoo wake. Mwaka 1737 alitia saini na watawala wapya mkataba uliokataza hazina za ukoo kuondolewa Firenze. Jioni, akitembea hadi Ponte Vecchio, msafiri atakuta maduka ambayo mengi ni ya masonara. Waliletwa huko mwaka 1593, wachinjaji walipofukuzwa kwa amri ya mtawala.

Asubuhi ya mwisho ni ya San Marco. Cosimo de' Medici, si yule Cosimo I bali wa karne moja kabla yake, aligharamia ukarabati wa monasteri hiyo kuanzia mwaka 1437. Vespasiano da Bisticci, muuza vitabu aliyemfahamu, anasimulia kwamba Cosimo alisumbuliwa na dhamiri kwa fedha alizozipata, na papa akamshauri atumie florini 10,000 kwa jengo la Mungu. Ndani ya vyumba vidogo vya watawa Fra Angelico na wasaidizi wake walichora picha moja moja, kila chumba na yake, zitazamwe na mtu mmoja aliye katika sala. Mgeni aliye peke yake huzitazama humo kama zilivyokusudiwa.

Dakika chache kutoka hapo ni Ospedale degli Innocenti, makao ya watoto waliotelekezwa, yaliyogharamiwa na chama cha hariri na kubuniwa na Brunelleschi mwaka 1419. Mtoto wa kwanza alipokewa Februari 1445. Baadhi ya mama waliacha pamoja na mtoto kitu cha kumtambulisha: msalaba, shanga, au medali iliyokatwa katikati. Nusu moja ilibaki na mtoto na ya pili ilikwenda na mama, ili siku atakaporudi zikutanishwe. Nusu hizo zimehifadhiwa katika makumbusho ya jengo hilo, kila moja na ukingo wake uliokatwa.