Baina ya Ngome na Kitabu

Katikati ya Uingereza, katika jimbo la Warwickshire, mto Avon hupita chini ya kuta za ngome ya Warwick kisha ukateremka hadi Stratford, mji alikozaliwa William Shakespeare. Baina ya miji hiyo pana maili nane hivi. Mgeni aliyekodi gari na dereva wake kutoka London huweza kuizuru yote miwili kwa siku moja, akarejea usiku. Aghalabu safari hiyo huhesabiwa kuwa ya mambo mawili yasiyohusiana: vita na fasihi. Lakini atakayeifuata tarikhi ya mahali hapo ataona kuwa jambo ni moja, nalo ni swali la kale: ni kipi kinachohifadhi athari ya mja baada ya yeye kuondoka?

Ngome ya Warwick ilianzishwa mwaka 1068, miaka miwili baada ya William wa Normandy kuiteka Uingereza. Awali ilikuwa kilima cha udongo uliorundikwa, na juu yake boma la miti. Mawe yalikuja baadaye. Minara yake miwili mirefu, wa Caesar na wa Guy, ni ya karne ya 14. Katika mabwana wa ngome hiyo, aliyevuma zaidi ni Richard Neville, ambaye Waingereza humwita Mtawaza Wafalme. Alimsaidia Edward wa Nne kukikalia kiti mwaka 1461; mwaka 1469 akamgeuka, akamweka kifungoni kwa muda humo humo ngomeni; na mwaka 1471 akauawa katika vita vya Barnet. Miaka mia na ishirini hivi baadaye, mtoto wa mji wa jirani alimpandisha jukwaani katika tamthilia za Henry wa Sita, akampa kifo cha mtu anayeiona mali yake ikimtoka mikononi.

Mwaka 1604 Mfalme James wa Kwanza alimpa ngome hiyo, ambayo wakati huo ilikuwa imechakaa, Fulke Greville. Bwana huyu alikuwa mtumishi wa dola na pia mshairi. Alitumia mali nyingi kuigeuza ngome kuwa makazi ya fahari. Mwaka 1628 alichomwa kisu na mtumishi wake mwenyewe, akafa kwa jeraha hilo. Tungo zake nyingi hazikutoka kitabuni ila mwaka 1633, baada ya yeye kuzikwa. Ngome aliyoigharimia imesimama. Mwaka 1978 iliuzwa kwa kampuni ya Tussauds, maarufu kwa sanamu za nta, na ikawa mahali pa matembezi. Wanaopanda minara yake ni wengi. Wanaozisoma beti za Greville ni wachache.

Huko Stratford mambo yalikwenda kinyume. Shakespeare alibatizwa katika Kanisa la Utatu Mtakatifu tarehe 26 Aprili 1564. Baba yake, John, alikuwa mtengeneza glavu za ngozi aliyepanda cheo hadi kuwa mkuu wa baraza la mji mwaka 1568. Ni katika kipindi chake ambapo wachezaji wa maigizo walilipwa kwa fedha za mji ili waonyeshe mchezo wao, na mwanawe wakati huo alikuwa na umri wa miaka minne au mitano. Nyumba ya familia katika mtaa wa Henley ingalipo, kwa kuwa mwaka 1847 ilinunuliwa mnadani kwa paundi 3,000 zilizochangwa na umma.

Ama nyumba aliyoinunua Shakespeare mwenyewe mwaka 1597, baada ya kupata riziki London, haipo tena. Iliitwa New Place, na humo ndimo alimofia mwaka 1616. Mchungaji Francis Gastrell, aliyeimiliki baadaye, alichoshwa na wageni waliokuja kuutazama mforosadi uliodaiwa kupandwa na mtunzi, akaukata. Mwaka 1759 akaibomoa na nyumba yenyewe. Mgeni wa leo huonyeshwa bustani.

Kwa hakika, hasara hiyo si kitu mbele ya ile iliyokaribia kutokea. Shakespeare alipofariki, nusu ya tamthilia zake zilikuwa hazijachapishwa. Katika wasia wake aliwaachia wachezaji wenzake watatu shilingi 26 na peni 8 kila mmoja, wajinunulie pete za kumbukumbu. Wawili kati yao, John Heminges na Henry Condell, walikusanya kazi za rafiki yao, na mwaka 1623 kikatoka kitabu kikubwa chenye tamthilia 36. Kati ya hizo, 18 hazikuwahi kupigwa chapa. Humo ndimo ilimookolewa Macbeth. Humo ndimo ilimookolewa Julius Caesar.

Hili linamhusu hata msomaji wa Kiswahili. Mwaka 1963 Mwalimu Julius Nyerere, akiwa Rais wa Tanganyika, alitoa tafsiri ya Julius Caesar, kisha akaipitia upya na kuitoa mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo alitoa pia Mabepari wa Venisi. Hii ya pili ilikuwa imechapishwa Uingereza tangu mwaka 1600. Lakini ile ya Kaizari, laiti wale wawili wangeridhika na pete zao, pengine isingetufikia kwa lugha yoyote.

Basi anayeifanya safari hiyo ya siku moja huona mnara uitwao Caesar ukiwa mzima, na nyumba ya mtunzi wa Caesar ikiwa uwanja wa maua. Mawe yalihitaji mali na waashi wa karne nyingi. Tamthilia zilihitaji marafiki wawili waliojua karatasi zilipo, wakafanya kazi wangali hai. Kila mwenye daftari la tungo za marehemu ndani ya sanduku la nyumbani kwake anayo amana ya namna hiyo hiyo, na muda wake nao una kikomo.