Tiba ya Peptidi kwa Saratani ya Matiti: Mambo ya Kuzingatia kwa Mgonjwa wa Tabora

Saratani ya matiti inashika nafasi ya pili miongoni mwa saratani zinazowapata wanawake nchini Tanzania, ikitanguliwa na saratani ya mlango wa kizazi. Miongoni mwa tiba zake zimo dawa za peptidi, yaani minyororo mifupi ya asidi amino, ambazo ndizo zinazojenga protini za mwili.

Mojawapo ni goserelini, yenye asidi amino 10. Dawa hiyo huiga homoni ya ubongo ambayo muundo wake ulibainishwa mwaka 1971. Andrew Schally na Roger Guillemin, walioongoza utafiti huo, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Kwa kawaida, homoni hiyo huiamuru tezi ya pituitari ichochee ovari kutengeneza estrojeni. Goserelini inapotolewa mfululizo, tezi hiyo huacha kuitikia, estrojeni hushuka ndani ya wiki chache, na saratani inayoitegemea hukosa kichocheo cha kukua.

Peptidi ikimezwa humeng'enywa tumboni kama chakula. Kwa sababu hiyo, goserelini ya miligramu 3.6 huwekwa kwa sindano chini ya ngozi ya tumbo kila baada ya siku 28. Mgonjwa anaweza kupata vipindi vya joto kali mwilini, na mifupa yake kupungua uimara.

Tiba hii haimfai kila mgonjwa. Hulengwa kwa wanawake ambao hawajakoma hedhi na ambao uvimbe wao una vipokezi vya homoni. Mara nyingi huambatana na vidonge, vikiwemo vya tamoksifeni. Vipokezi hivyo hubainika kwa kupima maabara kipande cha uvimbe. Bila kipimo hicho, daktari hawezi kujua iwapo dawa itasaidia.

Kwa mkazi wa Tabora, safari ya tiba huanzia katika zahanati au kituo cha afya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete. Matibabu ya kibingwa ya saratani hutolewa Hospitali ya Kanda Bugando, Mwanza, na Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Umbali huo ni sababu ya kuwahi, kwani saratani ikigundulika mapema hutibika kwa urahisi zaidi.

Mwanamke anayeona uvimbe, hata usiouma, ngozi ya titi iliyobonyea au chuchu inayotoa damu, anashauriwa kufika kituo cha afya bila kuchelewa.