Mbunge Asiye na Chama: Mohammed Nsereko na Kiti cha Kampala ya Kati

Jengo la Bunge la Uganda limo ndani ya eneo bunge la Kampala ya Kati, pamoja na majumba ya Kololo, maduka ya Nakasero, vibanda vya Kisenyi na vichochoro vya Kamwokya. Anayetaka kiti hiki hana budi kuomba kura kwa tajiri na kwa mchuuzi siku hiyo hiyo. Mohammed Nsereko alikipata mwaka 2011 kwa tikiti ya chama tawala, NRM, baada ya Erias Lukwago kukiacha na kuchaguliwa kuwa Meya Mkuu. Nimemchagua Nsereko kwa sababu maisha yake ya kisiasa yanaliweka neno "huru" kwenye mizani.

Neno hilo lina historia yake kwetu. Chini ya mfumo wa Movement, hadi kura ya maoni ya Julai 2005 iliyorudisha vyama vingi, kila mgombea alisimama kwa sifa zake binafsi na vyama havikuruhusiwa kumsimamisha mtu. Kwa hiyo wabunge wote walikuwa huru kwa jina. Vyama viliporudi, Katiba iliweka uzio: ibara ya 83 inasema mbunge anayekihama chama kilichompeleka Bungeni, akajiunga na kingine au akabaki bila chama, hupoteza kiti. Mbunge huru anayejiunga na chama naye hukipoteza.

Mwezi wa Aprili 2013, NRM iliwafukuza wabunge wanne kwa kosa la utovu wa nidhamu: Nsereko, Theodore Ssekikubo, Wilfred Niwagaba na Barnabas Tinkasiimire. Magazeti yaliwaita waasi. Je, mtu aliyefukuzwa nyumbani anaweza kusemwa kwamba amehama? Spika Rebecca Kadaga alikataa kutangaza viti vyao kuwa wazi. Februari 2014 Mahakama ya Katiba ikaamua, kwa wingi wa majaji, kwamba waondoke. Wakakata rufaa, na Oktoba 2015 Mahakama ya Juu ikatengua uamuzi huo: kufukuzwa si kuhama. Mimi naona hukumu hii ni kubwa kuliko watu wanne walioipigania. Kama ingekwenda upande wa pili, kamati ya chama ingekuwa na uwezo wa kufuta kura za maelfu ya watu kwa barua moja, na sidhani kama kuna mbunge wa chama chochote ambaye angethubutu tena kufungua kinywa.

Mwaka 2016 Nsereko aligombea bila chama akashinda. Hakuwa peke yake: Bunge hilo lilikuwa na wabunge huru zaidi ya 60, na lililofuata zaidi ya 70. Tusidanganyike na hesabu hiyo, kwani wengi wao ni wana-NRM walioanguka katika kura za mchujo, wakagombea kwa hasira, kisha wakaendelea kupiga kura pamoja na chama kile kile.

Uchaguzi wa Januari 2021 ndio uliomjaribu kweli. Mwaka huo chama cha NUP cha Robert Kyagulanyi, ambaye naye aliingia Bungeni mwaka 2017 kama mbunge huru wa Kyadondo Mashariki, kiliifagia Kampala. Jiji lina maeneo bunge tisa. NUP ilichukua manane na kiti cha mwakilishi wa wanawake pia. Lililobaki ni Kampala ya Kati. Hapo Nsereko alimshinda Fred Nyanzi, kaka yake Kyagulanyi, katika eneo lenye Kamwokya, mtaa ambao jina la ukoo huo halihitaji bango. Nyanzi alikwenda mahakamani, kesi ikatupwa. Kuna wapiga kura wengi waliompa Kyagulanyi kura ya urais na Nsereko kura ya ubunge, vinginevyo hesabu haikubali.

Kisha ikaja 2022, na hapa ndipo ninapopata taabu. Nsereko aliwasilisha mswada binafsi wa kurekebisha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011. Ulitaka kuwaadhibu wanaosambaza mtandaoni habari za chuki, za uovu, au zisizoombwa, kwa kifungo cha hadi miaka saba. Mwenyewe aliutetea kuwa ni ngao ya faragha na heshima ya watu. Gorreth Namugga, mbunge wa Mawogola Kusini, aliandika ripoti ya wachache kuupinga. Bunge liliupitisha Septemba, na Oktoba Rais Museveni akautia sahihi.

Ngao ya faragha naielewa. Matusi na picha za watu bila ridhaa yao tunaziona kila siku kwenye simu zetu. Ila habari "isiyoombwa" ni ipi? Karibu kila jambo ambalo raia humwambia mkubwa halikuombwa. Yaliyowafukuzisha wanne wale mwaka 2013 hayakuombwa pia. Wala hatuwezi kusema safari hii alisukumwa na chama, kwa kuwa hakuwa nacho. Mswada ulikuwa wake.

Mwezi ule ule wa Oktoba, wapinzani wa sheria hiyo waliipeleka katika Mahakama ya Katiba, mahakama ile ile iliyokuwa imemwamuru Nsereko aache kiti.